Sukari Isiyokorogwa

Usikoroge. Hilo ndilo neno la kwanza, na aliye na haraka anaweza kufunga daftari hapa aende zake, kwa sababu mengine yote nitakayosema yanarudi hapo hapo.

Nasema hivi kwa ajili ya Wambui, mjukuu wangu, anayesomea mambo ya hoteli katika chuo kimoja hapa Thika. Majuzi alikuja nyumbani na wenzake wawili, na karatasi ya mwalimu mkononi.

"Guka," akasema, "si ulikuwa barman enzi za wazungu? Tumepewa champagne cocktail kwa practical na hakuna mtu kwa class amewahi kuiona."

Nikavaa miwani nikaisoma ile karatasi. Kipande cha sukari, matone ya dawa chungu, ile iitwayo bitters, brandi kidogo, shampeni, ganda la limau. Haikukosea. Walikuwa wamebeba soda nyeupe badala ya shampeni ili wazoeze mikono, nami nikaona hiyo ni akili nzuri. Lakini kabla sukari haijatulia chini ya glasi, kijana mmoja akatumbukiza kijiko akaanza kuzungusha. Mkono wangu uliruka wenyewe ukampiga kwenye vidole. Nimeshamwomba msamaha, na yeye alicheka tu akasema, "Guka uko na speed." Walipoondoka nikakaa nikifikiri. Mimi mwenyewe nilikosea hapo hapo, kwa kijiko kama hicho, nikiwa na umri kama wake. Basi haya nawaandikia ninyi watatu, na yeyote mwingine anayetaka kusimama nyuma ya kaunta. Yachukueni yanayowafaa.

Klabu ilikuwa kati ya Ruiru na Thika, nyumba ndefu ya mawe yenye mabati mekundu, kahawa imeizunguka pande zote. Jina lake nitaliacha, maana nitasema mambo ya watu. Wanachama walikuwa wazungu wa kahawa na wa mkonge, na wachache wa viwandani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari bado haijaondolewa, na sisi Wakikuyu tulitembea na karatasi mfukoni: ya kutoka kijijini, ya kufika kazini, na ya kurudi kabla ya kiza. Nilikuwa nikitoka Theta kwa baiskeli ya marehemu baba. Nilianzia jikoni, kuosha sahani.

Jinsi nilivyofika baa huwa inachekesha watu. Msaidizi wa baa alikutwa stoo akiwa amelala na chupa ya jini kifuani kama mama na mtoto. Akafukuzwa. Katibu wa klabu, mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Saa kwa sababu hakuacha kutazama saa yake hata akisalimiwa, akaja jikoni akauliza, "Nani hapa hapana kunywa?" Watu wote wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimeokoka mwaka uliotangulia, siku moja na mama yangu, na nilikuwa nimemwahidi mbele ya kanisa kwamba pombe haitagusa ulimi wangu maisha yangu yote. Basi nikapewa kazi ya pombe kwa sababu ya kutokunywa. Mama aliposikia alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Karanja, hata mwenye bucha anaweza kuishi bila kula nyama. Nenda, lakini ujue nakuangalia."

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutiso, Mkamba wa kule Machakos, mkuu wa baa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mwembamba, kanzu yake nyeupe haina doa, mshipi mwekundu kiunoni, na ndani ya kanzu kulikuwa na kipembe cha ugoro ambacho alidhani hatukijui. Ukitaka kujua alivyokuwa, jua kwamba hakunipa neno hata moja la mafunzo wiki ya kwanza. Alinipa kitambaa. "Pangusa," akasema. Nikapangusa glasi siku sita. Siku ya saba akachukua moja akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha alama ya kidole changu, akairudisha. "Pangusa."

Hapo nilijifunza jambo ambalo karatasi ya Wambui haina. Glasi ya shampeni haioshwi kwa sabuni siku ya kutumika. Sabuni ikibaki hata kidogo, hewa inakufa. Isuuze kwa maji ya moto peke yake, uikaushe kwa kitambaa cha kitani cha zamani, kilichofuliwa mpaka kikalainika. Na usiweke barafu ndani. Ile chupa ndiyo ipoe, na glasi ipoe nayo. Sisi tulikuwa na friji ya mafuta ya taa iliyonguruma siku nzima, na ikigoma tulitumbukiza chupa kwenye pipa la maji ya mto Chania lililofunikwa gunia. Mzungu hakujua tofauti.

Sasa kosa langu. Ilikuwa Jumamosi mchana, Mzee Mutiso ameitwa stoo kupokea mizigo. Akaingia Memsabu wa shamba kubwa la kahawa upande wa Ruiru, mama wa sauti kubwa na moyo mzuri, na wageni watatu. Akataka nne za ile yenye sukari. Nilikuwa nimemtazama Mzee akizitengeneza mara nyingi, nikajiambia leo ni leo. Nikaweka sukari kwenye kisahani, nikaidondoshea ile dawa chungu kutoka kwa chupa ndogo iliyovaa karatasi kubwa kuliko mwili wake kama mtoto aliyevaa koti la baba. Matone matatu, sukari ikawa kahawia. Nikaitia kwenye glasi, nikamwaga brandi, nikamimina shampeni. Kila kitu sawa. Ndipo nikatazama chini nikaona sukari imelala pale, haijayeyuka.

Mniambie ninyi mngefanya nini. Kwetu Theta, mgeni akipewa chai anakorogewa. Mama yangu hakuwahi kumpa mtu kikombe kijiko kikiwa kimesimama humo bila kazi. Ukimwachia mgeni sukari chini ya kikombe, umemwambia kwamba unataka amalize aende. Nami nilikuwa nimelelewa vizuri. Nikachukua kijiko cha chai nikakoroga zote nne, nikakoroga kwa heshima zote, mpaka punje ya mwisho ikaisha. Shampeni ilifura kama maziwa jikoni, ikamwagika kidogo, kisha ikatulia kimya. Nikaipeleka kwenye trei nikijisikia mwanamume.

Memsabu alikunywa mara moja akaweka chini.

"Mutiso!" akaita. "Nani natengeneza hii? Hii ni maji ya sukari!"

Mzee akatoka stoo mbio, akazitazama zile glasi, akanishika mkono akanipeleka nyuma.

"Umefanya nini?"

"Nimekoroga, Mzee. Sukari ilikuwa imekaa chini."

"Na nani alikutuma kukoroga?"

"Hakuna mtu. Si ni adabu?"

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Sikia, kijana. Mgeni wa chai unamkorogea. Mgeni wa hii kitu unamwachia. Hiyo sukari ndiyo mtambo. Imekaa huko chini ikitoa hewa kidogo kidogo, mpaka mtu amalize. Wewe umemaliza kazi yake yote kabla mtu hajameza."

Tangu siku ile alinifundisha kusoma glasi zinazorudi. Glasi iliyotengenezwa vizuri hurudi na punje za kahawia chini, kama kijiko kimoja cha mchanga wa mto. "Ikirudi safi," alisema, "ujue kuna mtu alikoroga." Kila baada ya sherehe tulizipanga kwenye beseni, tukizitazama moja moja kabla ya kuosha.

Kosa la pili nitalisema upesi kwa sababu bado linanitoa jasho. Wakati huo wazungu walitembea na bastola kiunoni hata wakija kula. Mimi nilifungua shampeni kwa kusukuma kizibo kwa kidole gumba, na kizibo kikatoka kwa mlio. Pah! Bwana mmoja wa mkonge akalala chini ya meza. Mwingine akasimama bastola mkononi, akaielekeza kwenye kaunta, yaani kwangu. Nilisimama na chupa ikinimwagikia kwenye viatu, nikisema zaburi. Mzee Mutiso akapita katikati yetu polepole, kanzu ikimfuata, akasema, "Pole, Bwana. Ni kizibo tu." Baadaye akanionyesha: shika kizibo kwa kitambaa usikiachilie, kisha zungusha chupa. Mkono wa juu haufanyi kitu ila kuzuia. Chupa iliyofunguliwa vizuri hupumua tu, kama mtu aliyeketi baada ya kutembea. Nimefungua mamia tangu hapo, na hakuna mtu aliyelala chini ya meza kwa sababu yangu.

Wambui huniuliza: "Guka, sasa wewe ulikuwa unajuaje iko sawa na huwezi kuonja?" Nilijua kwa macho, kwa pua na kwa sikio. Macho huona uzi wa mapovu ukipanda kutoka kwenye sukari, usiokatika. Pua husikia ganda la limau, ambalo unalikunja juu ya glasi mara moja tu mafuta yake yaruke, bila kulikamua. Na sikio, ulilete karibu: ikiwa sawa inanong'ona. Mzee alikuwa akiisikiliza kila glasi kabla haijaondoka, akiinamisha kichwa. Nilidhani ni madoido ya kazi. Nikaiga.

Sheria nayo ilinikataza kuonja. Mwafrika hakuruhusiwa kunywa pombe kali ya chupa, ila aliruhusiwa kuimimina siku nzima. Hata hivyo Bwana Saa alikuwa na amri moja: mkuu wa baa aonje tone la kila chupa inayofunguliwa, kwenye kijiko, kuhakikisha haijaharibika. Hiyo haikuitwa kunywa. Mzee Mutiso alionja na kuitikia kwa kichwa, na mambo yakaenda.

Mwaka niliotimiza miaka mitatu baa, Mzee akawa anajiandaa kurudi kwao. Ilikubaliwa kwamba angeondoka baada ya harusi ya binti wa yule Memsabu. Bwana Saa angemwandikia barua ya utumishi mwema, na Memsabu alikuwa amemwahidi mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kutoka shamba lake, kwa sababu Mutiso ndiye aliyewahudumia siku ya ubatizo wa huyo binti, na sasa angemhudumia siku ya ndoa. Mzee aliongea juu ya huyo mtamba kila siku. Mke wake Mbithe alikuwa amekwisha kujenga zizi. Walikuwa wamekwisha kumpa jina, Limau, na hawajamwona.

"Nataka kutoka kwa mlango ile niliingilia," aliniambia. "Nikitembea, si kufukuzwa." Siku hizo mtu wa baa akifukuzwa, watu hawaulizi kwa nini. Wanajua tayari: alikunywa. Miaka ishirini yote inageuka kuwa wizi.

Asubuhi ya harusi, siku ya Jumamosi, tulifika mapema. Glasi sitini, kila moja imepangwa juu ya kitambaa cheupe, kila moja na kipande chake cha sukari karibu. Bibi arusi angekuwa kanisani Ruiru saa nane, na wageni wangefika kwetu saa tisa. Saa sita hivi Mzee akafungua kabati la brandi. Ndani kulikuwa na chupa tatu. Kabati lile lilikuwa na funguo mbili duniani, moja shingoni mwa Mzee na moja kwa Bwana Saa.

Nilizitoa mimi. Mbili zilikuwa zimejaa mpaka shingoni, kama zile mpya, lakini mihuri yake ilikuwa imekatwa ikarudishwa kwa ustadi. Nikanusa. Brandi ilikuwemo, lakini nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine niliyoijua vizuri kuliko brandi. Majani ya chai, yaliyochemshwa yakapoa.

"Mzee, onja hii."

Akatia tone kwenye kijiko, akaweka ulimini, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kama kawaida.

"Iko sawa kabisa."

"Onja tena, Mzee."

Akaonja tena. "Nimesema iko sawa. Mimina."

Nikasimama nikimtazama, na mambo mengi madogo yakaanza kujipanga kichwani mwangu. Jinsi alivyotia chumvi kwenye githeri, mahindi na maharagwe yetu, mara tatu mpaka mpishi akamkasirikia. Jinsi siku moja maziwa yalikuwa yamechacha na yeye akayanywa yote. Jinsi alivyokuwa akisikiliza kila glasi. Yale hayakuwa madoido. Alikuwa akitafuta kwa sikio kile ambacho ulimi haukumpa.

Nilikumbuka Krismasi, mpishi alivyomwagia keki ya wazungu brandi iliyopashwa moto na kuiwasha kiberiti, ikawaka bluu. Nikaenda jikoni, nikapasha visahani viwili juu ya jiko, nikamimina kijiko cha ile chupa nzima yenye muhuri wake kwenye kimoja, na kijiko cha ile iliyokatwa kwenye kingine. Nikawasha. Cha kwanza kikawaka vizuri, mwali wa bluu ukitembea. Cha pili kiberiti kikazima, ts, kama nimekitumbukiza kwenye chai. Na ndivyo ilivyokuwa.

Nikambebea Mzee visahani vyote viwili. Alitazama, akaelewa, akaketi juu ya kreti.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi. Ile homa. Nilipona, ulimi haukupona. Na pua hivyo hivyo. Ugoro navuta tu ile mkono umezoea, sisikii." Akafuta uso kwa mshipi wake mwekundu. "Sikuambia mtu. Hata Mbithe. Mkuu wa baa bila ulimi ni nini? Ni kama dereva kipofu."

Nilimhurumia sana. Lakini nikiri pia kwamba nilitaka kucheka, na baada ya kidogo yeye ndiye aliyeanza. Klabu nzima ya wazungu ilikuwa imemtegemea mtu asiyeweza kuonja na mtu aliyekataa kuonja, na walikuwa wamefurahi miaka miwili.

Kicheko kikaisha haraka. Aliyetia chai tulimjua, kwa kuwa ufunguo wa pili haukuwa na miguu. Bwana Saa alikuwa akinywa brandi ya klabu kimya kimya na kujazia chai ya rangi. Lakini tungesema kwa nani? Kwa yeye?

"Nikienda kwake," Mzee akasema, "ataniuliza mbona sikujua nikionja. Nitajibu nini? Ama aseme ni mimi nilikunywa. Kwaheri barua. Kwaheri Limau." Akaniangalia. "Na tukimimina hii chai, Memsabu atajua na glasi ya kwanza. Ulimi yake haikupata homa."

"Twende Thika tununue ingine?"

"Na barua ya nani? Duka gani litauzia Mwafrika brandi bila sahihi ya Bwana Saa?"

Saa saba ikapita. Chupa moja nzuri kwa glasi sitini haikutosha hata nusu ya kipimo chetu. Mzee akawa akizungusha kile kisahani mkononi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Iko ile ya zamani. Nilipoingia hapa, wazee wa klabu hawakutaka brandi. Sukari, dawa, shampeni, ganda. Basi. Brandi ililetwa na hawa vijana wa baada ya vita."

"Kwa hivyo tusitie?"

"Tutie kijiko moja ya chai. Ilowe sukari tu. Shampeni ifanye kazi yake."

Tukafanya kazi saa nzima. Mimi nilipima kwa kijiko, yeye akadondosha dawa, matone manne badala ya matatu ili kufidia. Ganda la limau nilikata refu kidogo. Chupa zilipumua moja baada ya nyingine, na Mzee akainama kwenye safu ile ya glasi akisikiliza, akienda kutoka mwanzo hadi mwisho kama daktari wodini.

"Zinasema nini?" nikauliza.

"Zinanong'ona," akasema.

Wageni wakaingia, maua ya kahawa kwenye makoti yao. Trei zikazunguka. Niliposimama nyuma ya kaunta niliona Memsabu akiinua glasi yake pamoja na binti yake, akinywa, kisha akisimama tuli. Akaitazama glasi. Akanyoosha kidole kuelekea kwetu.

"Mutiso. Kuja."

Mzee akaenda. Nami nikamfuata na trei tupu, sijui kwa nini, labda ili asisimame peke yake. Bwana Saa alikuwa karibu na Memsabu, glasi mkononi.

"Hii si kama siku zote," Memsabu akasema.

"Ndio, Memsabu."

"Brandi kidogo sana."

"Ndio, Memsabu. Ni ile ya zamani." Mzee alisimama wima, mikono nyuma ya kanzu. "Nilifikiri, leo ni siku ya mtoto. Nitengeneze ile ya wazee."

Memsabu aliinua glasi. Akanywa tena. Nikaona macho yake yamejaa maji, mama yule wa sauti kubwa.

"Baba yangu alikunywa namna hii," akasema. "Hapa hapa. Lete ingine, Mutiso."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo tuliinama tukarudi. Lakini Mzee hakuondoka. Akamgeukia Bwana Saa, akasema kwa heshima kubwa, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi:

"Bwana, zile chupa mbili za nyuma hatukumimina. Tumekuwekea kabatini. Hakuna mtu atagusa."

Masikio ya Bwana Saa yakawa mekundu kuliko mshipi wa Mzee. Akatazama saa yake. Barua ilikuwa tayari Jumatatu asubuhi, ukurasa mzima, na alikuwa ameandika neno "mwaminifu" mara mbili.

Tulipokusanya glasi jioni ile, jua bado liko juu ya kahawa, tulizipanga kwenye beseni kama desturi. Zote sitini zilikuwa na punje zake za kahawia chini. Mzee alizihesabu kwa kidole, akaridhika.

Jumatatu lori la shamba lilikuja saa nne kumchukua. Limau alikuwa amekwisha kupandishwa, amefungwa kamba nyuma, akilalamika. Mzee alikuja baa kuniachia ufunguo. Hakuwa amevaa kanzu. Alikuwa na koti la kahawia na kofia, na nikagundua kwamba miaka yote ile sikuwahi kumwona upande ule wa kaunta, upande wa wageni, bila kazi mkononi. Alisimama hapo hajui aweke mikono wapi.

"Keti, Mzee," nikasema.

"Wewe! Lori inangoja."

"Lori ingoje. Keti."

Akaketi kwenye kiti cha juu, pembeni kabisa. Nilikuwa nimehifadhi shampeni iliyobaki Jumamosi, kama robo chupa, nimeifunga kwa kizibo na waya na kuilaza kwenye pipa la maji. Nikachukua glasi nzuri kuliko zote. Nikaipangusa mbele yake, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa. Nikaweka sukari kwenye kisahani, matone matatu, nikaitia. Brandi sikutia, kwa sababu ya sheria, na kwa sababu juu ya brandi ya klabu ile nilikuwa simwamini mtu. Nikamimina. Nikakunja ganda la limau mara moja.

Aliisogeza sikioni kwanza.

"Bado inasema?" nikauliza.

"Inasema kidogo."

Akaishika hivyo, hakunywa. Nami nikatazama ile sukari imelala chini ya glasi. Nikafikiri: mtu huyu amesimama miaka ishirini na zaidi akiwahudumia watu, na leo ndiyo mara ya kwanza ameketi kama mgeni. Ulimi wake haujui tofauti ya hewa na maji. Na mimi nimelelewa na mama yangu.

Nikachukua kijiko cha chai, nikaiomba glasi mkononi mwake, nikamkorogea. Nilikoroga taratibu, mpaka punje ya mwisho ikaisha. Shampeni ikafura, ikanyamaza.

Mzee Mutiso aliangalia kijiko, akaniangalia mimi. Midomo yake ilianza kutabasamu, kisha ikakataa, na ikabidi avute kofia mbele.

"Umeiharibu," akasema.

"Ndio, Mzee."

"Asante, mwanangu."

Akainywa yote. Dereva alipiga honi mara mbili, na mimi nikatoka kumsaidia kupanda, nikasimama pale mpaka lori likaingia kwenye barabara ya Thika na vumbi likaisha. Kisha nikarudi ndani nikaichukua ile glasi nikaitazama kabla ya kuiosha. Ilikuwa safi chini.